Bei Mbili Kwenye Karatasi Moja

Mimi huandika polepole. Darasa la saba nilimaliza, na mwandiko wangu walimu waliusifu, lakini kila herufi naichora kana kwamba kesho nitaulizwa habari zake. Mwenzangu ataandika barua, ataikunja, atakwenda zake, mimi bado niko kwenye salamu. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo mambo ya gari hayaeleweki. Hata nikishalisema, sina hakika kama yanaeleweka.

Gari la kwanza aliliacha marehemu baba. Lilikuwa gari dogo la abiria, na kazi yake ilikuwa kutoka Kilwa Masoko kwenda Nangurukuru na kurudi. Baba alipofariki nikaendelea nalo. Mlango wa nyuma wa kushoto nilikuwa naufunga kwa kamba ya nailoni, na abiria aliyekaa upande ule alijua wajibu wake bila kuambiwa: anaishika kamba mpaka afike. Injini ikawa inachemka kabla ya nusu ya njia. Nikawa natembea na madumu mawili ya maji, na abiria wanayaona, na siku hizi abiria akiona madumu anapanda gari la mwingine.

Mama akasema gari hili litatuua njaa. Tukaweka akiba misimu miwili, yeye hela za korosho za shamba alilorithi kwa babu, mimi za safari. Mjomba, kaka yake mama, anauza samaki sokoni Masoko na anajuana na watu mpaka Lindi. Akasema kuna bwana mmoja huko Rasbura, Lindi, ana yadi ya magari pembeni mwa nyumba yake. Unampelekea gari lako bovu, anakupa zima, unaongeza hela juu. Akampigia simu mbele yetu. Yule bwana akauliza gari ni la aina gani na lina hali gani, mjomba akamweleza, kamba akaisahau. Jibu likaja, "Aje na milioni saba, tutazungumza."

Mjomba alipokata simu alinigeukia. "Umesikia? Saba ni mlango tu. Ingia, kaa, piga soga, itashuka. Ukikubali bei ya kwanza usirudi kwangu."

Nikasema sawa. Lakini mimi ni mtu wa kununua nyanya kwa bei ya kwanza. Mama nyanya wote wa Masoko wananipenda kwa hilo. Nilitegemea mjomba ndiye atakayesema, mimi niwe nyuma yake nimeshika bahasha. Siku ya safari ikafika, chombo kikaingia na samaki wengi, mjomba hakuweza kuacha mzigo. "Nenda," akasema, "umeshakuwa mkubwa." Nikaenda peke yangu, na madumu yangu mawili, nikisimama kila mahali palipo na kivuli ili injini ipoe.

Yule bwana nilimkuta yadini. Ni mtu mwembamba wa makamo, ana kofia safi na miwani aliyoifunga uzi nyuma. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza hali ya mama, ingawa hamjui. Akalizunguka gari langu mara mbili. Akafungua boneti, akaifunga. Alipofika kwenye kamba ya mlango akaifungua na kuifunga upya, na aliifunga vizuri kuliko mimi. Juu ya bei hakusema neno. Nilikuwa nangoja aseme yeye kwanza. Sasa nafikiri na yeye alikuwa akingoja mimi.

Kulikuwa na gari moja la rangi ya fedha. Akaliwasha, nikalisikiliza, halikuwa na kelele yoyote.

"Umelipenda?"

"Nimelipenda."

"Basi tuandikiane."

Hapo ndipo nilipojua utaratibu wa yadi ile. Yule bwana haandiki mwenyewe hati ya makubaliano, wala haleti karatasi iliyokwisha kuandikwa. Anayeongeza hela ndiye anayeandika, kwa mkono wake, neno kwa neno, yeye anamsomea. Akanieleza kwamba aliwahi kukanwa. Mtu mmoja alitia sahihi, baadaye akasema alitiliwa maneno asiyoyajua. "Tangu hapo," akasema, "kila mtu aandike alichokubali. Mwandiko wako huwezi kuukana."

Nikapewa kalamu na karatasi mbili zenye mistari. Akaanza kusoma: mimi fulani wa mahali fulani, na yeye fulani. Namba ya gari lake. Namba ya injini. Namba ya chesesi, ile ndefu, nikairudia kuihakiki. Halafu akasema, bila kutazama popote, kutoka kichwani mwake: gari ninalompa thamani yake ni shilingi milioni kumi na moja. Nikaandika kwa maneno na kwa tarakimu. Nilikuwa bado kwenye neno "kumi" adhana ya alasiri ilipoanza.

Aliitazama kalamu yangu jinsi inavyokwenda. Akatabasamu. "Kijana, kwa mwendo huu Ramadhani itatukuta hapa." Akamwita mdogo wake kutoka ndani, akamkabidhi daftari jekundu. "Mwandikishe gari lake na hesabu, bei zimo humu. Mimi naiwahi sala ya jamaa." Akatoka kwa haraka. Nami ningepaswa kusimama nikasali, mama alinilaumu kwa hilo baadaye, lakini kalamu ilikuwa mkononi na sikujua kama inaruhusiwa kuiweka chini.

Yule mdogo wake alikuwa anamenya chungwa. Akafunua daftari kwa kidole cha pembeni ili asililoweshe, akatafuta aina ya gari langu, akaipata. "Gari lako, milioni sita na nusu." Nikaandika. Akatoa kwenye simu, kumi na moja kasoro sita na nusu. "Nyongeza, milioni nne na nusu."

Nikasita. Hapa pa kusita nataka nipaeleze vizuri, maana ndipo nilipoulizwa sana baadaye. Niliambiwa saba. Sasa ni nne na nusu. Nikafikiri, imeshuka. Halafu nikafikiri, nani ameishusha? Sikufungua mdomo tangu nifike isipokuwa kwa shikamoo na nimelipenda. Nikafikiri labda huku Rasbura bei hushuka yenyewe kadiri mtu anavyokaa kimya, na mimi nilikaa kimya sana.

"Mbona umesimama? Andika," yule mdogo mtu akasema. "Kalamu haina wino?"

"Ina."

Nikaandika.

Akahesabu nne na nusu kwenye bahasha yangu, akazitia kwenye sanduku la bati. Yule bwana alirudi akiwa na mteja mwingine anayezungumza naye bila kupumua. Akachukua karatasi, akatia sahihi ya kwanza, akatia ya pili, macho yake yakiwa kwa mteja, akanipa ufunguo. "Endesha taratibu. Breki zake kali, hujazizoea."

Nyumbani mama aliuliza, "Umemwomba akupunguzie?"

"Imeshuka," nikasema.

Alinitazama kidogo, halafu akasujudu pale pale ukumbini. Milioni mbili na nusu zilizobaki hazikukaa siku nne. Nyumba yetu upande wa mbele ulikuwa bado wa makuti, na mvua iliyopita tulilala tumekaa. Tukanunua mabati, fundi akaja, misumari ikapigwa. Nami nikarudi barabarani. Abiria walipanda na kutafuta kamba ya kushika, wakakosa, wakacheka.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia nikiwa stendi ya Nangurukuru. Alikuwa yeye. Akauliza hali, akauliza gari, akauliza mama. Halafu akasema, "Ile karatasi yako unayo? Isome pale kwenye bei ya gari lako."

Nikaisoma. Nilisikia anavuta pumzi.

"Nakuja huko," akasema.

Alikuja Ijumaa, baada ya alasiri. Tukakaa barazani: yeye na mjomba juu ya mkeka, mimi kwenye ngazi, mama ndani ya mlango, pazia limeshushwa nusu. Mama akatoa kahawa na kashata. Yule bwana akashukuru, akakisogeza kikombe pembeni bila kukigusa. "Nitakunywa tukimaliza," akasema. "Siwezi kunywa cha mtu nikiwa na neno naye."

Mjomba alikuwa amekwisha kuikunjua karatasi juu ya paja. "Shehe, huu mwandiko wa nani?"

"Wa mpwa wako."

"Na sahihi hii?"

"Yangu."

"Basi umekuja kunywa kahawa tu. Kunywa."

"Nisikilizeni kwanza." Akaivua miwani akaifuta. Akaeleza, na mimi nikawa nasikiliza kwa bidii kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka mchangani. Magari yake, akasema, yana bei mbili. Kuna bei ya mkononi, mtu anatoa hela anachukua gari. Na kuna bei ya korosho. Watu wa mashamba hela hawana mpaka mnada wa korosho upite na chama cha ushirika kiwalipe, kwa hiyo anawapa gari leo, wanalipa msimu, na kwa sababu anangoja, bei inakuwa kubwa. Daftari jekundu ni la bei ya korosho peke yake. Bei za mkononi haziandiki, anazo kichwani. Kumi na moja aliyonisomea ilikuwa ya mkononi, ya kuniuzia mimi. Sita na nusu aliyoisoma mdogo wake ilikuwa ni bei ya kumkopesha mkulima gari kama langu. Kulipokea gari langu angelipokea kwa nne. Kumi na moja kasoro nne ni saba. Ndiyo ile saba aliyoitaja kwenye simu.

"Wewe una bei ngapi, shehe?" mjomba akasema. "Hata nyumba ya wageni haina milango mingi hivyo."

"Mbili tu. Na zimekutana kwenye karatasi moja."

"Zilikutanishwa kwako, si kwetu."

"Ni kweli. Lakini lile gari lenu nimekwisha kumpa mtu wa Kipatimu kwa sita na nusu hiyo hiyo, alipe msimu, na hapo ndipo nilipoliona kosa. Nimelipokea kwa sita na nusu, nimelitoa kwa sita na nusu, na nitangoja miezi. Hiyo ni biashara au nimemfanyia harusi?"

"Na kamba ya mlango umempa bure," mjomba akasema.

Yule bwana akacheka bila kutaka. Kisha uso ukarudi. Akasema anachotaka ni kimoja kati ya viwili. Nimwongezee milioni mbili na nusu, au nirudishe gari, naye anirudishie nne na nusu yangu na thamani ya gari la zamani, ile nne.

Nikapiga hesabu kichwani. Mbili na nusu zilikuwa juu ya vichwa vyetu, zimepigiliwa misumari. Nikirudisha gari nitabaki na hela ambazo hazinunui gari lolote zima, na lile la baba limeshapanda milima ya Matumbi. Ningekuwa mtu wa kusimama stendi nikiwaitia wenzangu abiria.

"Hatoi hata mia," mjomba akasema. "Karatasi ni karatasi. Ungekuwa umekosea kwa faida yako ungekuja?"

"Nilikwambia saba, kwa mdomo wangu."

"Saba ya kushushwa hiyo. Nani husema bei ya mwisho kwenye simu?"

"Basi nani aliishusha?"

Wote wakanitazama. Mimi nikatazama makubadhi ya yule bwana pale chini ya ngazi. Moja lilikuwa limeshonwa kwa uzi kama ule wa miwani.

Nataka niseme nilivyokuwa nahisi, lakini sikuwa nahisi kitu kimoja. Mjomba aliposema nilimwona ana haki: tuliandikiana, na utaratibu wa kuandikiana si wetu, ni wake. Yule bwana aliposema nikamwona na yeye ana haki: hakuna mtu anayempa mwenzake mbili na nusu kwa sababu ya chungwa. Haki ilikuwa inahama upande kila mmoja alipomaliza kusema. Na katikati nilikuwa mimi. Kama ningeandika kama watu, yeye angemaliza kunisomea mwenyewe kabla ya adhana, na kosa lisingepata pa kuingilia. Hilo hawakulijua. Nililijua peke yangu, na sikujua kama lina uzito au ni upuuzi.

Mama akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mwanangu."

"Naam."

"Siku ile ulipoandika nne na nusu, ulijua wamekosea?"

Mjomba akageuka haraka. "Dada, hilo si swali la leo."

"Namuuliza mwanangu."

"Sikujua," nikasema. "Ila nilisita."

"Ulisita kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna aliyekuwa ameomba kupunguziwa."

"Nyamaza wewe," mjomba akanong'ona, lakini lilikuwa limeshatoka.

Yule bwana hakuonyesha kufurahi. Alivaa tena miwani akanitazama kama anayetafuta mtu aliyemwona zamani.

"Mbona hukuuliza?" akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi.

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kusema niliona haya. Lakini wakati neno linapanda nikakumbuka na mabati, maana pale Rasbura, kalamu ikiwa imesimama, nilikuwa nimeyaona mabati, nilikuwa nimeyaona kabisa yakimeta. Je, nilinyamaza kwa haya au kwa mabati? Mpaka leo nikiwa peke yangu barabarani najiuliza na sipati. Nikamjibu tu, "Sijui."

"Mimi silali chini ya bati la mtu," mama akasema.

"Bati si la mtu, dada, lina risiti."

"Risiti ya nini, kama mwenye hela yuko hapa?"

Mjomba akapiga goti lake kwa kiganja. Nilidhani ataondoka. Badala yake akamgeukia yule bwana, na sauti ikawa nyingine, laini, ile anayotumia samaki wakianza kulegea na mteja bado yupo. "Sawa. Mtoto kasema kweli mbele yako, ambayo mtu mwingine asingeisema. Sasa na wewe sema. Ulisoma ulipotia sahihi?"

Yule bwana akatikisa kichwa. "Sikusoma."

"Unamlazimisha mtu aandike ukurasa mzima, halafu mwenyewe husomi?"

"Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi kuliko hela."

"Basi kutosoma kwako kuna bei. Weka bei."

"Laki tatu."

"Laki tatu ni ya mtu ambaye hajui kusoma. Wewe una miwani."

Yule bwana akainamisha kichwa, mabega yakamcheza kwa kicheko. "Laki tano, na uniachie miwani yangu."

"Zinabaki mbili. Hana. Atalipa mama akiuza korosho."

"Atalipa msimu."

"Kwa bei ya mkononi au ya korosho?"

Hata mama alicheka nyuma ya pazia. "Ya mkononi," yule bwana akasema. "Mbili hizo hizo, haziongezeki. Mungu ananiona, sitaki kulisikia tena daftari lile."

Nilikaa pale kwenye ngazi nikiwatazama. Kumbe bei hushushwa hivi, watu wawili wanaipeana mkononi kama kitu chenye moto mpaka kipoe. Imechukua muda mfupi kuliko niliotumia kuandika namba ya chesesi.

Mjomba akachomoa kalamu mfukoni. "Lete karatasi niandike upesi, magharibi inaingia."

"Hapana," yule bwana akasema. "Anayeongeza ndiye anayeandika."

Nikaletewa daftari langu la shule la zamani, nikachana karatasi mbili. Alinisomea taratibu. Mimi fulani ninakiri kuongeza shilingi milioni mbili, baada ya mauzo ya korosho. Gari ni langu kuanzia leo, na halitadaiwa kurudishwa. Nikaandika. Mjomba alipiga miayo, akasimama, akakaa. Nilikuwa katikati ya "milioni" adhana ilipoanza, nikanyanyua kalamu nikamtazama yule bwana.

Hakusimama. Aliitikia adhana kwa midomo tu, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maliza. Tutasali hapa hapa, sote."

Nikamaliza. Akaichukua karatasi, akaielekezea kwenye mwanga uliobaki, akaisoma yote kwa sauti, halafu akaisoma tena. Akatia sahihi. Ndipo akakivuta kile kikombe kilichokuwa pembeni. Mama akasema kimepoa, ngoja amletee kingine, lakini alikuwa ameshakiinua, akanywa mpaka machicha.